Gauni Lililopotea Kwenye Mpunga

Kwetu Mpanda hakuna sherehe isiyo na rangi. Unaweza kufanya sherehe bila keki, bila turubai la kutosha, hata bila bwana harusi kufika kwa wakati, lakini usithubutu kuita kikao cha kwanza cha kamati bila kuwa na jibu la swali hili: rangi zetu ni zipi? Ng'ombe atatafutwa baadaye. Rangi ikishajulikana, mashangazi wanajua kitambaa cha sare, mpambaji anajua atatundika nini ukumbini, na mimi mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa kopi nyuma ya soko najua ni wino upi utaniishia. Nimechapa kadi za damu ya mzee na dhahabu mpaka dhahabu yenyewe nimeichukia.

Kwa hiyo wazazi wangu walipokaribia kutimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa ya kanisani, nilijua ninachoingia. (Msipige hesabu. Mimi ni mkubwa kuliko ndoa hiyo, na padri analijua hilo.) Baba mdogo, mdogo wake baba, alijiteua mwenyekiti wa kamati ya jubilei kabla hata kamati haijakuwepo. Shangazi akajiteua kila kitu kilichobaki. Mimi nikapewa ukatibu kwa sababu nina kompyuta.

Tatizo lilikuwa mama. Mama hakuitaka jubilei.

"Mimi nilishaapa," aliniambia nilipokwenda kumwona nyumbani Mwamkulu, akiwa anapepeta mchele. "Na sijavunja. Naapa tena kwa kosa gani?"

Nikamwambia si kosa, ni furaha. Akaendelea kupepeta, pumba zikinirukia kwenye nguo makusudi kabisa.

"Nitasimama pale mbele, padri ataniambia nirudie maneno, nitarudia. Baba yenu naye atarudia. Maneno ya padri mimi nayajua, mwana wanje. Maneno yake yeye mwenyewe ndiyo sijawahi kuyasikia. Siku akiyasema, mniite nije."

Mama akikuita mwana wanje, yaani mwanangu kwa Kirundi cha kwao Mishamo, ujue hapo hakuna utani. Na alikuwa anasema kweli. Baba ni Mpimbwe, mkulima wa mpunga, na maneno kwake ni kama mbegu, hayamwagwi ovyo. Akitaka kusifia chakula husema, "Kimeiva." Siku nilipofaulu mtihani wa kidato cha nne alinishika kichwa akasema, "Haya." Sijawahi kusikia akimwita mama jina lolote la mapenzi. Kwamba anampenda sikuwa na shaka, lakini hata mimi nisingeweza kukuonyesha ushahidi.

Nikampelekea baba maneno ya mama kama yalivyo, bila kuyapunguzia makali. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku hiyo nilikuwa upande wa mama. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekula.

Wiki iliyofuata akatokea kibandani kwangu na karatasi iliyokunjwa mara nne mfukoni mwa shati. Ilikuwa imechanwa kwenye daftari la mjukuu. Akaiweka juu ya kaunta.

"Weka kwenye kadi," alisema. "Usiongeze kitu."

Baba alisoma mpaka darasa la saba, na enzi zao shairi lilikaririwa sambamba na hesabu za kuzidisha; ukikosea mizani unachapwa. Lakini kwamba yeye mwenyewe anaweza kukaa chini akatunga, hilo lilikuwa jipya. Nikaifungua nikiwa nimesimama, mteja anasubiri kopi ya cheti chake.

Nilikuja mashambani, ndege wakitusumbua,
Sauti i majanini, mwenyewe sikukujua,
Gauni lako kijani, shamba likalichukua,
Macho hayakukuona, masikio yalijua.

Weusi wa lile wingu, mvua ilipojaa,
Ndio nywele zako kwangu, hazihitaji kung'aa,
Matope ya shamba langu, viatu ulivyovaa,
Macho hayakukuona, masikio yalijua.

Basi. Beti mbili. Nilipoinua uso baba alikuwa ameshavuka barabara. Mteja akaniuliza kama mashine imeharibika, nami nikamfokea bila sababu, maana machozi yalikuwa yamefika pabaya na ilinibidi nifanye kitu.

Kisa chenyewe sote tulikijua kidogo. Mama alikuwa msichana wa Mishamo, aliyeletwa Mwamkulu na shangazi yake msimu wa kuamia ndege. Mpunga ukianza kutunga punje, ndege hushuka kwa makundi, na usipowapigia kelele kutwa nzima utavuna makapi. Mama alikuwa hodari wa kelele hizo. Hakupiga madebe kama wengine, alikuwa anaimba. Baba alifika kwenye shamba la mjomba wake akamsikia. Hiyo ndiyo sehemu tuliyoijua. Kwamba alimtafuta kwa macho asimpate, hatukuwa tumewahi kuambiwa.

Kamati ilikutana Jumapili baada ya misa, sebuleni kwa baba mdogo. Nikasoma shairi. Nilipofika kwenye viatu vya matope, shangazi alivua miwani akaifuta kwa upindo wa kitenge.

"Yaani kaka yangu," alisema. "Matope ndiyo viatu! Mume wangu mimi aliniandikia wapi? Hata meseji ananiandikia 'ok'."

Mama mdogo, mdogo wake mama, alikuwa amekuja kutoka Mishamo kwa ajili ya kikao. Ni fundi cherehani, na hana haraka ya kulia. Akaniomba nirudie ubeti wa kwanza. Nikarudia. Akakunja uso kidogo, akanyamaza. Nilidhani anahesabu mizani.

Baba mdogo yeye alikuwa na kalamu mkononi tangu mwanzo.

"Kijani," alisema akiandika. "Nyeusi. Na hiyo ya matope, tuseme kahawia. Jamani, mzee ametusaidia sana. Rangi za sherehe hizi hapa, kazi imekwisha."

Nikamwambia baba mdogo, hili ni shairi la mapenzi, siyo oda ya vitambaa. Akaniangalia kwa huruma, kama watu wanavyomwangalia katibu asiyeelewa kazi yake.

"Mtu mzima hawezi kuandika rangi tatu bure. Angetaka mapenzi matupu angesema nakupenda."

Wakaanza kugombania nyeusi. Shangazi akasema nyeusi ni ya msiba, hawezi kuingia nayo kanisani siku ya furaha. Baba mdogo akasema mkulima haogopi wingu jeusi, anayeogopa wingu jeusi hajawahi kulima, kwake nyeusi ni chakula. Shangazi akasema basi avae yeye hiyo nyeusi, na mpambaji, ambaye naye alikuwa amealikwa kikaoni, akashauri wakutane kwenye rangi ya ugoro. Mwisho nyeusi ilishindwa, matope yakashindwa, ikabaki kijani. Kijani kwa watoto wote, kwa wajukuu, kwa mashangazi, kwa tai ya bwana na kwa vitambaa vya ukumbini. Shairi zima lilisomwa na watu wazima, wengine wakalia, na kilichotoka humo kikawa satini ya kijani.

Nilichapa kadi. Nikaona si haki watu wote walisome shairi kabla ya mwenyewe, kwa hiyo nikaenda nayo Mwamkulu siku ambayo jumuiya ilisali nyumbani kwetu. Baada ya sala na matangazo, nikaomba nafasi. Baba alikuwa amekaa karibu na mlango, akitazama nje kama mtu anayengoja fundi wa paa. Mama alikuwa kwenye mkeka na akina mama wenzake. Nikasoma polepole, kwa sauti yangu nzuri ya kusomea masomo kanisani.

Vigelegele vilipasuka kabla sijamaliza. Jirani mmoja akampiga mama begani. Katekista akasema ameoa miaka mingi na leo amefundishwa. Nami nikamwangalia mama, nikitegemea kuona ninachokijua: mama akifurahi sana huziba mdomo kwa kiganja. Hakuziba. Alikuwa ananitazama mimi, siyo baba.

"Rudia pale pa gauni," alisema.

"Gauni lako kijani, shamba likalichukua."

Akaitikia kwa kichwa. Akasimama, akaenda kugawa chai, na akaigawa kwa kila mtu mpaka kikombe cha mwisho. Jumuiya ilipotawanyika ndipo aliponiita jikoni.

"Mimi sijawahi kuwa na gauni la kijani," alisema. "Gauni nililokuja nalo huku lilikuwa moja tu, na lilikuwa jekundu. Marehemu mama alinishonea. Jekundu, mwana wanje. Shangazi yangu alinichagua mimi nikaamie ndege kwa sababu ya lile gauni, alisema hata wasipoogopa sauti wataogopa rangi. Ukiwa barabarani unaniona. Sasa mtu wa kupotea kwenye mpunga nilikuwa mimi?"

Nikasema labda amesahau.

"Mwanamume hasahau gauni. Anasahau nani alilivaa." Akafunika sufuria. "Msimu ule tulikuwa wasichana wengi. Huyo wa kijani ndiye aliyemwimbia. Mimi ndiye aliyenipata."

Hapo ndipo nilipoelewa uzito wake. Mama alikuwa ameomba neno moja katika ndoa yote, na lilipokuja aliliona lina anuani ya mtu mwingine. Asubuhi yake akafungasha, akapanda gari la Mishamo, akaenda kwa mdogo wake. Alituachia ujumbe kwamba maharage ya kule yanahitaji mikono na kwamba jubilei tunaweza kufanya bila yeye, kwani shairi lenyewe halimhitaji.

Kamati ilikaa kwa dharura. Baba mdogo, ambaye satini alikuwa ameshainunua, akapendekeza baba abadilishe neno. Andika jekundu, mama arudi, maisha yaendelee. Shangazi akasema vina vitaharibika. Baba mdogo akasema vina havijawahi kupika ugali.

Baba akakataa.

"Lilikuwa kijani," alisema. "Nilikuwepo. Nilisimama pale kwenye tuta namsikia na simwoni, mpaka alipotoka nje ya mpunga. Sasa niandike kitu ambacho sikukiona? Nimdanganye siku ya kuapa?"

"Kwa hiyo mama ndiye mwongo?" nilimuuliza. Sauti yangu haikuwa ya mtoto kwa baba yake.

"Mama yenu si mwongo," alisema. Akatafuta kofia yake akaondoka. Nikamwona jinsi alivyotembea, mabega yameshuka, nikazidi kumkasirikia kwa sababu nilianza kumhurumia.

Baada ya hapo akawa anakuja kushinda kibandani kwangu. Nyumba bila mama ilimchosha. Anakaa kwenye benchi, anasoma magazeti ya zamani, anaondoka jua likipungua. Hatukuongea sana. Siku moja nilikuwa nafunga sare za kumpelekea shangazi, na mezani kulikuwa na vitambaa viwili: satini yetu ya kijani, na kipande cha damu ya mzee, nyekundu iliyokolea, kilicholetwa na kamati ya send-off ya watu wengine ili nioanishe na kadi zao. Mikono yangu ilikuwa imeshika kamba.

"Baba, nipe hicho cha kijani hapo."

Akanipa damu ya mzee.

"Si hicho. Cha kijani, cha kwetu."

Akaviangalia vyote viwili. Akapitisha vidole juu ya kimoja, akapitisha juu ya kingine. Akanipa kilekile.

"Baba, usinitanie leo."

"Sikutanii," alisema, na usoni hakuwa na utani wowote.

Niliachia kamba. Chini ya kaunta nauza kalamu za rangi za watoto. Nikafungua pakiti, nikatoa nyekundu na kijani, nikaziweka mbele yake. Nyekundu ilikuwa imechongwa, fupi kidogo.

"Hizi zina tofauti gani?"

Akazitazama. "Hii ndefu, hii fupi."

"Rangi, baba."

"Rangi si moja?"

Mambo mengine huwa umeyaona maisha yako yote, yapo yametawanyika, hujawahi kuyaweka pamoja. Baba na nyanya: sokoni anabonyeza kila nyanya, moja moja, mpaka wauzaji wanamtolea maneno, na sisi nyumbani tunacheka kwamba mzee haamini mtu. Baba na simu: ikiwa kwenye chaji anauliza, "Imejaa?" na taa iko pale pale mbele yake, imeshageuka kijani. Baba na mpira: anaangalia nusu saa ndipo anauliza wetu ni wepi. Kila kimoja tulikipa jina lake, ubahili, uvivu, uzee. Hakuna aliyefikiri ni kitu kimoja.

Nikamweleza kama nilivyoweza, kwamba kuna watu macho yao ni mazima kabisa ila nyekundu na kijani zinaingiliana. Nilitegemea abishe. Akazigeuzageuza kalamu zile mbili mkononi.

"Nyanya ikiiva," aliuliza, "nyie mnaiona?"

"Tunaiona."

"Bila kubonyeza?"

"Bila kubonyeza, baba. Hata ukiwa mlangoni."

Akatazama upande wa soko, kwenye meza za nyanya. Wamama walikuwa wamezipanga mafungu mafungu.

"Mimi nilijua kila mtu anabonyeza," alisema.

Sikujua niweke wapi uso wangu. Nilitaka kumkumbatia, lakini baba si mtu wa kukumbatiwa mbele ya wateja, kwa hiyo nikampa maji. Akanywa. Kisha akauliza swali ambalo nafikiri ndilo alilokuwa analifikia muda wote.

"Na lile gauni la mama yenu. Mtu mwingine angeliona?"

"Angeliona tangu barabarani."

"Ee." Akarudisha kalamu kwenye pakiti, taratibu, kila moja mahali pake, ingawa zote alizikosea. "Basi wengine wote walimwona. Mimi peke yangu ndiye niliyemsikia."

Kesho yake nilifunga kibanda nikapanda Noah ya Mishamo. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na nilipofika yakanipotea yote. Mama na mama mdogo walikuwa uani wakichambua maharage kwenye ungo, baiskeli ya mume wa mama mdogo imeegemezwa ukutani.

"Amekutuma?" mama aliuliza kabla ya salamu.

"Hajanituma. Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa uchambue."

Nikakaa, nikachambua, nikasimulia. Vitambaa, kalamu, nyanya. Mama mdogo ndiye aliyeacha kazi kwanza. Akasema kwenye kikao alishtuka kusikia kijani, kwa sababu gauni lile alilirithi yeye dada yake alipoolewa, na alilivaa mpaka likawa dekio, jekundu mpaka mwisho. Alinyamaza tu kwa kuogopa kuleta maneno kwenye nyumba ya watu.

Mama akaokota punje moja nyekundu ya maharage, na jani moja lililokuwa limeangukia kwenye ungo, akaviweka pamoja kwenye kiganja.

"Hivi kwake ni rangi moja?"

"Karibu moja."

Alianza kucheka. Alicheka kwa sababu ya nyanya, akasema, "Na mimi nimepigana na wauzaji wangapi kwa ajili ya yule mzee, kumbe!" Alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kiganja kile chenye maharage. Halafu kicheko kikakatika katikati.

"Alikuwa anaita," alisema.

"Nani?"

"Baba yenu. Shambani."

Nilikumbuka mara moja. Hata sisi watoto tulikuwa tunamwigiza. Baba hufika shambani, husimama juu ya tuta, na huita, "Weee mama, uko wapi?" Na mama yuko hapo hapo, hatua chache, ameinama na khanga yake nyekundu, hata kipofu angemwona. Alipenda khanga nyekundu maisha yake yote. Wanawake waliokuwa wanalima naye walikuwa wanacheka. Mama alikuwa anawaambia, "Huyo amekuja kukagua kama nalima."

"Nilidhani ananisimamia," alisema mama. "Nilidhani ni ubwana tu, ananiona na bado anataka niitike. Siku nyingine nilikuwa nanyamaza makusudi. Nasema, hebu na aite. Anasimama pale, anageuza kichwa huku, anageuza huku. Anaita tena, sauti imepungua. Nami nimeinama, nacheka na wenzangu." Aliangalia kiganja chake. "Nikikohoa ndiyo anakuja."

Mama mdogo akasema, "Dada, haoni rangi tu. Wewe anakuona."

"Kwenye mpunga hanioni," mama alisema. "Kwenye mpunga alikuwa ananitafuta."

Alilia kidogo, bila sauti, na hatukumzuia. Baadaye akafuta uso, akamgeukia mdogo wake kwa sauti ileile ya kugawa chai.

"Una kitambaa chekundu humo ndani?"

"Cha nini? Sare si kijani?"

"Sare vaeni nyie."

Kuhusu shairi alinipa agizo moja tu: kadi zitoke kama zilivyo, na atakayegusa neno la gauni atakuwa na kesi naye.

Siku ya jubilei baba mdogo karibu azimie. Mama aliteremka kwenye gari mbele ya kanisa akiwa na gauni jekundu, jekundu lisilo na aibu, lenye mikono mifupi kama ya wasichana. Ukoo mzima ulikuwa umejipanga hapo nje kwa satini ya kijani, watoto, wajukuu, mashangazi, kwaya imeazima mitandio ya kijani, na hata miti ya uwanjani ilikuwa imesimama upande wa kamati.

"Ameharibu rangi," baba mdogo alinong'ona. "Na kwenye kadi tumeandika kijani! Watu watasema nini?"

Na kweli watu walikuwa wanasema. Nilimsikia mgeni mmoja akimuuliza mwenzake, akiwa na kadi mkononi, gauni la kijani liko wapi. Shangazi akamwambia soma vizuri, halafu akanikonyeza, maana yeye nilikuwa nimeshamweleza.

Desturi ni bwana na bibi kuingia pamoja. Baba alikuwa amesimama kwenye ngazi, suti mpya, tai ya kijani aliyofungwa na mjukuu. Katekista akamwambia, mzee, mchukue mwenzako tuanze. Baba akateremka ngazi moja. Kwaya ilikuwa imeanza kuimba, watu wanacheza, kijani inapanda na kushuka mbele yake. Mama alikuwa hatua chache tu. Kila mtu pale alikuwa anamwona, hata mwendesha bodaboda aliyesimama ng'ambo ya barabara kutazama.

Baba akageuza kichwa huku. Akageuza huku. Watu wakadhani furaha imemzidi, wakapiga vigelegele vya kumtia moyo, na vigelegele vikazidi kumchanganya. Nikamwona akifungua mdomo, nikajua anachotaka kuita, na nikajua ataona haya kukiita mbele ya kanisa zima. Nikapiga hatua nikamshike mkono. Mama mdogo akanivuta nyuma.

Mama hakungoja aitwe.

"Niko hapa," alisema, kwa sauti ile ya kuamia ndege, mpaka kwaya ikakatika. "Niko hapa, baba. Hapa."

Baba akageukia sauti moja kwa moja, akaja.